Mahame ya Mofwe: Taka za Kale Zenye Mengi ya Kusema

Watu wengi wapitapo porini hutazama mambo mawili tu: kuni na nyoka. Kuni wazichukue, nyoka wamkwepe. Hayo mengine yaliyolala chini, kigae cha chupa, ushanga, kipande cha chungu, ganda la risasi lililogeuka rangi ya kijani, huyakanyaga wakaenda zao. Wasemao kwamba vitu hivyo ni taka wamesema nusu ya kweli. Ni taka, ndiyo, lakini ni taka za watu waliokuwa na majina, na shida, na safari zao. Mtu huweza kudanganya kwa kinywa chake na hata kwa kalamu yake. Ni nadra sana kudanganya kwa vitu alivyovitupa jaani.

Katika ukurasa wetu huu nataka tuzungumze juu ya kazi, au tuseme burudani, ya kutafuta chupa kuukuu na masalio mengine yaliyoachwa porini. Ni burudani isiyodai fedha. Yataka macho, subira na kalamu. Yazifaa sana familia za askari, ambazo leo ziko huku na kesho zimehamishiwa kule, maana kila kituo kipya kina habari zake chini ya nyasi. Walakini burudani hii ina adabu zake, ina sheria zake, na ina hatari inayoweza kuutoa uhai wa mtoto. Kwa hiyo hatuna budi kuyasema yote, matamu na machungu. Kwa mfano nimechagua nchi ya Mofwe, kaskazini ya Zambia, kwa kuwa ni vigumu kupata mahali pengine ambapo nyasi zimefunika mambo mengi kiasi hicho katika eneo dogo.

MJI ULIOHAMA NA WAFALME WAKE

Mofwe ni ziwa dogo lenye kingo za mafunjo, upande wa mashariki wa mabwawa ya mto Luapula, kusini ya Ziwa Mweru. Ukifuata barabara kuelekea kaskazini utafika Nchelenge na soko la samaki la Kashikishi. Huko Kibemba ndicho kisemwacho na wengi, lakini Kiswahili nacho hakikosekani, kwa sababu ng'ambo ya maji ni Kongo, na wavuvi na wachuuzi huvuka kwenda na kurudi. Hata kisiwa kimojawapo ziwani chaitwa Kilwa, jina ambalo mtu wa pwani hawezi kulisikia asigeuke.

Kandokando ya Mofwe ndiko walikokaa wafalme wa Walunda waitwao Mwata Kazembe, tangu karne ya 18. Desturi ilikuwa kwamba mfalme mpya hujenga makao yake upya, na mji wa marehemu huachwa. Nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Mvua chache tu zatosha kuzirudisha ardhini. Lugha yetu ina neno zuri kwa mahali pa namna hiyo: mahame. Mgeni akipita huona kichaka tu. Mwenyeji hujua kwamba hapo palikuwa na uwanja, na baraza, na soko, na watu waliokuja kutoka bahari zote mbili.

Kweli walikuja kutoka bahari zote mbili. Mwaka 1798 Mreno Francisco José de Lacerda e Almeida alifunga safari kutoka Tete, kwenye mto Zambezi, akafika nchi ya Kazembe na kufia huko mwezi Oktoba mwaka huo huo. Miaka michache baadaye wachuuzi wawili waliotoka Angola, mmoja wao Pedro João Baptista, walizuiliwa hapo kwa muda wa miaka minne hivi kabla ya kuruhusiwa kuendelea hadi Tete. Mwaka 1831 wakaja Wareno wengine, Monteiro na Gamitto. Na tarehe 21 Novemba 1867 akaingia Mskochi David Livingstone, akaukuta mji wa Mwata Kazembe wa saba, Muonga Sunkutu, karibu na maji ya Mofwe, na lango la ua wake limepambwa kwa mafuvu ya vichwa vya watu. Hakuwa mgeni wa kwanza kutoka upande wa Zanzibar. Alimkuta huko mfanyabiashara Muhammad bin Saleh, aliyekwisha kukaa miaka mingi katika nchi ile bila ya ruhusa ya kuondoka.

Biashara yenyewe ilikuwa ya nini? Kutoka bara zilitoka pembe za ndovu, shaba ya Katanga, chumvi na, kwa huzuni kubwa, watumwa. Kutoka pwani ziliingia nguo, shanga, kauri, bunduki na baruti. Sasa fikiri, msomaji: katika vitu hivyo vyote, ni vipi vitakavyokuwako baada ya miaka mia na hamsini? Nguo zimeoza. Baruti imelowa. Pembe zilikwenda zake ng'ambo zikawa vitufe vya piano na vishikio vya visu. Kilichobaki ni kile kilichokatika uzi kikamwagika njiani: shanga za kioo, simbi za kauri, labda kipande cha simbi ya mpande waliyoivaa wakuu, au jiwe dogo lililochongwa pembe nne, ambalo mtoto atalitupa akidhani ni changarawe, kumbe ni jiwe la bunduki ya gumegume.

Pamoja na vitu hivyo vya wageni, vimo vya wenyeji. Ukiona mabonge meusi, mazito, yenye vitundu kama mkate uliochacha, usiyadharau. Hayo ni mavi ya chuma, na maana yake ni kwamba palikuwa na wahunzi walioyeyusha chuma wenyewe kabla ya jembe la dukani kufika. Mtu akikuambia kwamba bara hili halikujua kazi mpaka lilipofundishwa, mwonyeshe bonge hilo.

Mambo mawili zaidi yaliongeza mahame katika nchi hii. La kwanza ni vita. Mwaka 1899 majeshi ya Waingereza, yakiongozwa na Alfred Sharpe, yaliushambulia mji wa Mwata Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, yakauteketeza kwa moto, na watu kadhaa wakapoteza maisha. La pili ni maradhi. Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa Kampuni ya British South Africa uliwahamisha watu kutoka bonde la Luapula na mwambao wa Mweru kwa kuhofia malale. Vijiji vizima vikaachwa, na vyungu vikaachwa mekoni, maana mtu aliyeamriwa kuhama hawezi kubeba kila kitu. Askari na mkewe wanalijua jambo hilo bila kufundishwa na mtu.

Kisha kuna mabaki ya hao watawala wenyewe na wamisheni. Karibu na mto Kalungwishi palikuwa na boma la Waingereza katika miaka ya 1890. Baadaye kazi zake zikahamishiwa Kawambwa. Mbereshi, si mbali na mji wa Kazembe, wamisheni wa London Missionary Society walijenga mwaka 1900, na kuanzia mwaka 1915 Mabel Shaw akaanzisha hapo shule ya bweni ya wasichana iliyokuja kujulikana kote. Boma na shule huandika sana, huugua homa sana na hupokea vifurushi vingi. Kwa hiyo mahali pa namna hiyo ndipo pa kutazamia chupa za wino, chupa za dawa na makopo.

CHUPA HUUTAJA UMRI WAKE

Mtu aokotapo chupa kuukuu swali lake la kwanza huwa: ilikuwa na nini ndani? Swali lililo bora ni hili: ilitengenezwaje? Ukilijibu hilo utakuwa umekaribia kujua umri wake, hata kama haina herufi hata moja.

Ishike chupa penye mwanga, uipapase ubavuni kwa ukucha. Utakuta mstari mwembamba ulioinuka. Huo ni mshono wa kalibu. Ufuate kwenda juu. Ikiwa mshono unafia shingoni, kabla ya mdomo, basi chupa ilipulizwa kwa pumzi ya mtu, na mdomo wake ukamaliziwa kwa mkono. Ikiwa mshono unapanda mpaka ukingo wa mdomo, hiyo ni kazi ya mashine. Mashine iliyoyageuza mambo ni ile ya Mmarekani Michael Owens, ya mwaka 1903. Baada ya hapo chupa za kupulizwa zikapungua mwaka hata mwaka. Tena ipindue utazame kitako. Kovu la mviringo lenye makali katikati ya kitako laonyesha kwamba fundi aliishika chupa kwa ufito wa chuma alipokuwa akiumalizia mdomo, na kovu hilo kwa kawaida ni la chupa za kabla ya miaka ya 1870.

Mdomo nao una habari zake. Mdomo uliotengenezwa ili ushike kifuniko cha bati chenye meno, kile tunachokibandua kwa kopo la kufungulia mpaka leo, hauwezi kuwa wa kabla ya mwaka 1892, kwa sababu ndipo William Painter alipokivumbua kifuniko hicho huko Marekani. Iko chupa nyingine ya ajabu, yenye shingo iliyobanwa na gololi ya kioo ndani yake. Hiyo ni chupa ya soda aliyoibuni Mwingereza Hiram Codd, aliyepata hataza yake mwaka 1872. Gesi ya soda yenyewe ndiyo iliyoisukuma gololi juu ikaziba mdomo. Ukiikuta nzima una bahati, kwa sababu watoto wa zamani waliivunja ili wapate gololi ya kuchezea. Watoto ni wale wale.

Umbo na rangi pia husema. Chupa ya pembe nne, pana juu na nyembamba chini, ni ya pombe kali ya jini. Ilifanywa hivyo ili ipangike vizuri katika sanduku. Chupa nzito ya udongo uliochomwa sana, yenye rangi ya maziwa na hudhurungi, mara nyingi ilikuwa ya kinywaji cha tangawizi au ya wino. Chupa ya buluu iliyokoza au ya kijani, yenye matuta ubavuni, yafaa uiogope: nyingi za namna hiyo ziliwekwa sumu, na matuta yaliwekwa ili mgonjwa anayepapasa gizani aijue kwa vidole kabla hajaipeleka kinywani. Na kioo kilichokuwa cheupe kikageuka zambarau hakikupakwa rangi. Mafundi walitia madini ya manganizi ili kuondoa ukijani wa kioo, na jua la miaka mingi likayageuza.

Hapa, hata hivyo, yafaa kutahadhari. Chupa hutuambia ilitengenezwa lini, haituambii ilitupwa lini. Katika nchi ya mbali na kiwanda chupa ilikuwa mali. Ilipokwisha pombe ikatiwa mafuta, ikatiwa asali, ikatiwa dawa ya mitishamba, na ilipovunjika kigae chake kikanyolea nywele na kulainishia mpini. Chupa ya mwaka 1890 yaweza kuwa ilitupwa mwaka 1930. Kwa hiyo kanuni ni hii: ukikuta vitu vingi pamoja katika shimo moja lisilochimbuliwa, kilicho kichanga kuliko vyote ndicho kinachokuonyesha umri wa shimo. Kikiwamo kifuniko cha plastiki, zile hadithi za Livingstone ziweke kando.

GANDA LA RISASI NA KIBUYU CHA MPAGAZI

Wasomaji wetu askari watapenda kujua habari za maganda ya risasi, nayo ni somo zuri la kutokukimbilia hukumu. Kitakoni mwa ganda huchorwa alama za kiwanda, na mara nyingi mwaka. Mtu aweza kusema: ganda hili ni la Kiingereza, basi hapa alisimama askari wa Mwingereza. Ngoja kwanza.

Vita Kuu ya Kwanza, katika Afrika ya Mashariki, iliishia katika nchi hiyo hiyo ya kaskazini ya Zambia. Jenerali von Lettow-Vorbeck alipata habari za kusimamishwa vita alipokuwa kwenye mto Chambeshi katikati ya Novemba 1918, na tarehe 25 Novemba akasalimu amri Abercorn, mji uitwao sasa Mbala. Alikuwa na Wajerumani 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake. Silaha walizozikabidhi zilikuwa na bunduki 1,071, nazo zilikuwa za Kiingereza na za Kireno, zilizotekwa vitani. Bunduki walizoanzia vita zilikuwa zimekwisha risasi zamani. Basi ganda lenye alama ya Kiingereza katika njia aliyopita jeshi hilo laweza kabisa kuwa liliangushwa na askari wa Mjerumani. Alama ya kiwanda humtaja fundi, haimtaji mpigaji.

Yapo mambo ya namna hiyo kwingineko. Huko Taveta, nchini Kenya, karibu na kilima cha Salaita ambako majeshi ya Waingereza na Makaburu yalishindwa tarehe 12 Februari 1916, na katika kambi za zamani za Mbuyuni na Maktau, watembezi wameokota vigae vya chupa, makopo na maganda ya risasi kwa miaka mingi. Kambi ya jeshi huandika historia yake kwa taka zake: hapa palikuwa jiko, pale hospitali, kule bwalo la maofisa.

Lakini tusisahau walio wengi kuliko wapiganaji. Vita ile ilibebwa vichwani mwa wapagazi, waliojulikana kama tengatenga, na watu wa Luapula na Bangweulu walikuwa miongoni mwao, wengine wakipiga makasia kupitisha chakula na risasi mabwawani. Maelfu kwa maelfu katika vita ile walikufa kwa njaa na kuhara damu. Wao waliacha nini porini? Kibuyu, ambacho kimeoza. Kata ya nyasi ya kubebea mzigo, ambayo imeoza. Gome la mti lililokuwa blanketi lao, nalo limeoza. Ofisa aliyekunywa chupa moja ya mvinyo ameacha ushahidi utakaodumu miaka elfu. Mpagazi aliyembebea chupa hiyo kutoka ziwani hakuacha hata kifungo. Kila mwokota chupa na alikumbuke jambo hilo. Vitu vidumuvyo huwasemea walio nacho, na wasio nacho hubaki kimya, mpaka atokee mtu wa kuwauliza wazee na kuandika. Ndiyo maana nasema kalamu ni muhimu kuliko jembe katika kazi hii.

NAMNA YA KUTAFUTA

Wahenga walisema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini kabla ya kuinama, uliza. Hakuna pori lisilo na mwenyewe. Nenda kwa mkuu wa kijiji, mweleze nia yako, na akikukataza mahali, usiende. Huko Mofwe yako makaburi ya wafalme, mahali paitwapo Lunde, na penye makaburi si mahali pa kuokota kitu, hata ushanga mmoja.

Ukiisha kupewa ruhusa, isome nchi. Miembe mikubwa iliyopangana katikati ya pori haikujipanda. Katani, mlimao, nyasi za namna tofauti na jirani zake, udongo mweusi wenye majivu, mawe matatu yaliyokaa kama mafiga: hizo zote ni dalili za watu. Tazama kando ya njia mpya ya maji baada ya mvua, na katika udongo uliotolewa na panya au uliolimwa upya. Ardhi huyatoa mambo yake yenyewe. Si lazima kuipasua. Wakati mzuri ni kiangazi, nyasi zikiisha kuungua au kukatwa. Vaa viatu vigumu, uwe na fimbo, usitie mkono tunduni usipopaona.

Halafu uandike. Askari polisi wanajua kwamba kisu kilichokutwa chumbani ni ushahidi, na kisu hicho hicho kikishaondolewa bila kuandikwa kilikuwa wapi, kimelala vipi na pamoja na nini, kinabaki kisu tu. Ndivyo ilivyo chupa. Andika tarehe, mahali, umbali kutoka mti au njia inayojulikana, na vitu vilivyokuwa karibu. Chora picha, hata ikiwa mbaya. Watoto wa darasa la tano waweza kuifanya kazi hii vizuri, nao watakuwa wamejifunza historia, jiografia na hesabu kwa asubuhi moja bila kulia.

KIKING'AACHO KISIGUSWE

Sasa natamka neno ambalo nawaomba wazazi walisome kwa sauti mbele ya watoto wote.

Mwambao wa Mweru umepakana na nchi iliyosumbuliwa na vita muda mrefu. Mwezi Desemba 2000, mji wa Pweto, ng'ambo ya ziwa upande wa kaskazini, ulipotekwa, maelfu ya wakimbizi pamoja na askari walioshindwa waliingia Zambia. Kuanzia mwaka 2017 walikuja wakimbizi wengine kutoka Kongo, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika wilaya ya Nchelenge, katikati ya msitu. Zambia yenyewe ilitangaza mwaka 2009 kwamba imekwisha kuyaondoa mabomu ya ardhini katika maeneo yaliyojulikana. Walakini kombora moja lililoangushwa na mtu anayekimbia haliko katika ramani yoyote, na baruti iliyofungwa vizuri haihesabu miaka. Hata silaha za vita ya 1914 zaweza kulipuka leo.

Mtoto anayetafuta chupa hutafuta kitu kinachong'aa, cha mviringo, kilichozikwa nusu. Kwa bahati mbaya hiyo ndiyo sura ya bomu. Na siku hizi wako wanunuzi wa vyuma chakavu wanaolipa kwa kilo, kwa hiyo mtoto ana sababu ya pili ya kukiinua, kukigonga kwa jiwe na kukipeleka nyumbani.

Amri ni hizi, nazo hazina mjadala. Ukikiona kitu cha chuma usichokijua, simama. Usikiguse, usikirushie jiwe, usikimwagie maji, usikiwashie moto. Rudi kwa nyayo zako ulizojia. Weka alama mahali palipo mbali, kama vile kitambaa juu ya mti. Kawaambie polisi au askari walio karibu, na uwazuie wengine wasiende kutazama. Baba aliye jeshini asijitie ushujaa wa kukifungua mwenyewe kwa kuwa amezoea risasi. Kazi hiyo ina mafundi wake. Na askari mwenyewe asiruhusu kamwe mabaki ya mazoezi kuletwa nyumbani yakawa pambo la kabati.

SHERIA YASEMAJE

Mambo ya kale hayawi mali ya aliyeyaona kwanza. Nchini Zambia iko Tume ya Taifa ya Kuhifadhi Urithi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1989, na kuchimbua au kutoa masalio nchini bila kibali ni kosa. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayokilinda kila kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2006, imeuweka mpaka kwenye mwaka 1895.

Msomaji makini ataona jambo hapa. Chupa ya askari wa mwaka 1916 haimo katika mipaka ya miaka hiyo ya Tanzania wala ya Kenya. Je, basi tuichukue tu? Sivyo. Mahali penyewe paweza kuwa pamehifadhiwa, na tena miaka inakwenda. Cha jana ndicho cha kale cha kesho. Kama hatungojei sheria ituambie tumheshimu babu, tusiingojee ituambie tuvihifadhi vitu vyake.

Mfano wa kuigwa uko Mbala. Padri Jean-Jacques Corbeil, wa shirika la White Fathers, alitumia miaka mingi kukusanya vitu vya kila siku vya watu wa kaskazini: vyungu, ngoma, zana za wahunzi, vyombo vya unyago. Wengine wakati ule waliviona upuuzi. Leo mkusanyo huo ndio moyo wa Makumbusho ya Moto Moto, yaliyokuwa makumbusho ya taifa mwaka 1974, na wajukuu wa watu waliovitumia vitu hivyo huenda kuvitazama.

CHUPA IKIFIKA NYUMBANI

Chupa ya kawaida, isiyo ya kale wala ya hatari, iliyookotwa kwa ruhusa, haina ubaya kuiweka nyumbani. Mama wa nyumba ajue namna ya kuitendea.

Usiitie maji ya moto, kwa maana kioo kilichozikwa kimechoka na hupasuka ghafla. Iloweke siku mbili katika maji baridi yenye sabuni. Kisha itie mchanga laini na maji kidogo, uitikise taratibu mpaka uchafu utoke. Usiisugue kwa sufi ya chuma. Ule utando wenye rangi za upinde wa mvua ulio juu yake ni sehemu ya umri wake. Kama ndani mna unga au maji yasiyojulikana, usinuse wala usifungue. Ipeleke kwa bwana afya.

Neno la mwisho la jikoni ni hili: chupa iliyookotwa isitiwe kamwe chakula wala kinywaji. Na chupa ya soda isitiwe mafuta ya taa au dawa ya wadudu. Kila mwaka watoto hunywa mafuta ya taa kwa sababu waliyakuta katika chupa waliyoizoea kuwa na kitu kitamu. Wale mafundi wa zamani waliotia matuta katika chupa za sumu walikuwa wamelijua jambo ambalo sisi tunalisahau.

Mwenye kupata kitu asichokielewa na akipeleke shuleni, au kwa ofisa utamaduni wa wilaya, pamoja na kile karatasi alichoandika mahali na tarehe. Walimu nao wasikatae kupokea. Rafu moja ya mbao nyuma ya darasa, yenye vigae ishirini na maelezo yaliyoandikwa na watoto wenyewe, yatosha kuwa mwanzo. Na siku mtoto atakaposimama mbele ya rafu hiyo akauliza, "Huyu mpagazi aliyebeba chupa hii, yeye alikuwa nani?", mwalimu amjibu kwa kumtuma kwa wazee wa kijiji, akiwa na daftari mkononi.